Unga wa Siku Kumi

Kopo la tatu la ndagala lilipotoweka kabatini, Gédéon alijua kwamba mke wake ana mwanamume.

Usicheke kwanza. Ndagala hao, yaani dagaa wa ziwani, hawakuwa wa dukani. Mke wake, Olive, ana dada ambaye huwakausha mwenyewe kule kwao Uvira, huwajaza kwenye makopo ya maziwa ya unga, kisha hutafuta msafiri wa kuja Stockholm, na msafiri wa namna hiyo hapatikani kila siku. Katika nyumba yao ya ghorofa ya sita, Bredäng, mgeni hapewi ndagala. Hata mchungaji huwaonja mara moja kwa mwaka, tena wachache. Gédéon mwenyewe huwala kwa taratibu zake: humshika mmojammoja, humkata kichwa kwa ukucha wa kidole gumba, hukiweka kichwa pembeni mwa sahani, ndipo hula. Vichwa havipendi. Anasema vina uchungu. Akimaliza, Olive huja kuondoa sahani, na vichwa huondoka nayo.

“Na wewe?” watoto walikuwa wakimuuliza mama yao zamani, walipokuwa wadogo na bado wakijibu kwa Kiswahili.

“Mi nilikula déjà mu jikoni,” Olive husema, yaani amekwisha kula huko. Ndivyo alivyosema tangu alipoolewa, na ndivyo anavyosema mpaka leo.

Sasa makopo matatu, katika miezi miwili! Gédéon hakuuliza. Mwanamume mwenye wivu haulizi, anachunguza. Akaanza kuchunguza, na mtu akianza kuchunguza hakosi cha kuona. Aliona kwamba Jumamosi Olive anatoka na begi la mgongoni lililotuna. Aliona kwamba anarudi akinuka moshi wa kuni, katika jiji ambalo watu wanapikia umeme. Aliona simu ikiwaka juu ya meza na jina limeandikwa: Mikael. Tena aliona, na hili ndilo lililomchoma zaidi, kwamba anarudi anacheka peke yake akivua viatu mlangoni. Miaka thelathini ya ndoa, Gédéon hakukumbuka lini mke wake alivua viatu akicheka kwa sababu yake.

Huyu Gédéon ana miaka hamsini na sita. Anaendesha foklifti kwenye ghala moja la Märsta, karibu na uwanja wa ndege, na kila alfajiri analivuka jiji zima, treni ya chini ya ardhi kwanza, halafu treni ya juu, kwenda kunyanyua mizigo ya watu. Kazi yake anaijua. Atautazama mzigo uliofungwa nailoni akuambie ni kilo ngapi, na mizani ikija haimkosoi. Vijana wa ghalani humjaribu kwa utani, naye huwashinda. Hujisifu kwamba hakuna mzigo uliowahi kumdanganya, na mimi namwacha ajisifu, kwa sababu sitaki kuharibu hadithi mapema.

Olive anafanya usafi kwenye jumba la makumbusho. Miaka miwili nyuma, asubuhi moja, alikuta wataalamu wa pale wamekusanyika uani wakihangaika na chungu cha chuma juu ya moto uliokuwa ukifuka moshi tu. Aliegemeza fagio lake ukutani, akavuta kuni mbili nje, akapanga upya tatu zilizobaki, na moto ukawaka. Mkubwa wao, mtafiti mwenye ndevu aitwaye Mikael, akamuuliza jina lake. Kuanzia hapo wakawa wanamwita, na walimlipa saa zake, na ikawa kazi.

“Kazi gani?” Gédéon aliuliza siku ile ya kwanza.

“Wanatafuta kujua namna waaskari wa zamani walikuwa wanakula,” Olive alisema. “Wa miaka mia saba ilipita.”

“Na wewe unajua nini ya waaskari wa miaka mia saba?”

“Najua kula ni kula.”

Basi ikawa kila mlo una somo. Olive, ambaye zamani alikuwa akizungumzia bei ya vitunguu, sasa alizungumzia wafalme. Kumbe enzi hizo mfalme wa hapa hakuwa na ghala la kulisha jeshi. Mzigo huo aliwatupia watu. Mashamba kadhaa jirani yaliunganishwa pamoja, na kwa jumla yao walitoa mwanamume mmoja wa kwenda na mashua ya vita, wao wampe silaha, wao wampe unga, siagi ya chumvi, njegere na samaki mkavu wa kutosha miezi. Jambo hilo waliliita ledung. Aliyekwenda akapata sifa, waliobaki wakafunga mikanda. Na kumbe farasi hakusaidia sana, maana farasi anayevuta mkokoteni wa shayiri anaila shayiri hiyo hiyo njiani, na mkienda mbali mnafika na farasi aliyeshiba na mkokoteni mtupu. Chakula kikiisha, jeshi liliingia vijijini na kuchukua cha watu.

“Hiyo tunaijua,” Gédéon alisema.

“Ndiyo nilimwambia Mikael. Nilimwambia, hiyo tunaijua. Mikael anasema vita yote iko mu mufuko ya unga. Mikael anasema mwenye kupiga hesabu ya unga vibaya, amekwisha pigwa déjà.”

Mikael anasema. Gédéon alihesabu kimoyomoyo: katika mlo mmoja, Mikael alisema mara kumi na moja.  Alipojaribu kumlalamikia binti yao mdogo, Maya, mwenye miaka kumi na saba, Maya hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. “Men pappa, de lagar gröt,” alisema. Jamani baba, wanapika uji tu. Kana kwamba hakuna ndoa iliyowahi kuvunjika kwa uji.

Na lililomkera kuliko yote ni kwamba habari ya chakula cha vita ilikuwa mali yake yeye. Muulize mtu yeyote wa kanisa lao. Kila mwaka, siku ya shukrani, Gédéon huitwa mbele kutoa ushuhuda, na ukumbi hunyamaza. Mwaka wa tisini na sita, vita ilipoingia Uvira, alitoka na familia yake kwa miguu kupitia milimani: yeye, mdogo wake Augustino, mama yao mzee, Olive, na Heshima, mtoto wao wa kwanza, akiwa mgongoni bado ananyonya. Chakula chao kilikuwa ndoo moja ndogo ya unga wa muhogo na kifuko cha ndagala. Walitembea siku kumi mpaka wakapata mtumbwi wa kuvuka ziwa kwenda Kigoma.

“Watu wazima wanne!” Gédéon husema, akiinua vidole vinne. “Siku kumi! Ndoo moja! Kila jioni mama yangu anakula, mdogo wangu anakula, mimi nakula, na asubuhi unga uko! Ule unga haukuisha mpaka tulipoona maji ya ziwa!”

Amina hupaa, akina mama hupunga leso. Mchungaji huitumia habari hiyo hata katika mahubiri ya kawaida, huilinganisha na mjane na pipa lake la unga. Olive, kila mara, hufungua mkoba wake na kuinama kutafuta kitu ndani. Gédéon alidhani anaficha machozi ya shukrani.

Sasa mambo yalipofika kwenye kopo la tatu, makumbusho wakatangaza siku ya wazi. Olive alisema waziwazi mezani kwamba kutakuwa na mikokoteni, moto na chakula, na akamkaribisha. Gédéon akasema ana zamu. Kisha akabadilishana zamu na mwenzake, akavaa koti ambalo Olive halijui vizuri, akaenda. Mwanamume wa miaka hamsini na sita, mzee wa kanisa, akasimama nyuma ya basi la watalii akimchungulia mke wake wa ndoa.

Alimwona upesi. Olive alivaa gauni refu la sufu la rangi ya udongo na kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa akivuta mkokoteni wa mikono. Upande wa pili wa mti wa kuvutia alikuwa huyo mwenye ndevu. Walivuta pamoja, hatua zao sawa, wakafika kwenye moto, wakatua. Olive akachota uji mzito kutoka chunguni. Akafungua kopo la maziwa ya unga, na Gédéon alilijua kopo lile toka mbali. Akanyunyiza ndagala juu. Kisha akalishika lile bakuli kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akampa Mikael.

Mikono miwili na goti! Kwao mwanamke humpa hivyo baba yake, mkwe wake na mume wake, basi. Damu ilimpanda Gédéon kichwani. Alitoka nyuma ya basi bila kupanga atasema nini, akapita kamba ya kuzuia watu, akafika. Pale pale bakuli likapita kutoka mikono ya Mikael hadi kwa mwanamke mnene mwenye gauni kama la Olive, ambaye alimbusu Mikael shavuni akaanza kula. Olive akachota la pili, akampa mzee aliyekuwa akitazama, kwa mikono miwili, kwa goti. Halafu la tatu, kwa msichana mtalii. Alikuwa akiwapa watu wote hivyo hivyo.

“Papa Heshima!” Olive alisema. “Ulisema uko ku kazi.”

“Wewe ndiwe Gédéon?” Mikael akamwita jina lake hivihivi, bila bwana wala nini, kama wafanyavyo huku, akampa mkono wa majivu. “Hatimaye! Huyu ni mke wangu, Emilia. Wewe ni mtu muhimu sana hapa.” Waliongea kwa Kiswidi, na Kiswidi cha Gédéon ni kizuri cha ghalani. Mikael alieleza kwamba mwaka mzima walikuwa wakijaribu kuvuta mkokoteni wenye chakula cha siku kumi, na kila mara chakula kiliwaishia siku ya saba, mpaka Olive alipowafundisha kupima. Sasa walikuwa wameiweka ubaoni safari ya familia ya Gédéon kutoka Uvira, pembeni mwa safari za watu wa ledung, ili wageni wafananishe.

Gédéon alipoa. Mwanamume ana mke wake, tena mnene na mwenye furaha. Na hapo kwenye ubao ilikuwa safari yake, ushuhuda wake, kwa herufi kubwa. Alisogea kuusoma huku kifua kikianza kutanuka.

Ubao ulikuwa na picha ya ndoo. Chini yake: lita kumi, sawa na vikombe thelathini vya unga. Kikombe kimoja kwa mtu kwa siku ni kidogo sana, chini ya hapo mtu hawezi kutembea milimani akiwa na mzigo. Vikombe vitatu kila jioni. Jioni kumi. Watu watatu. Na jina la Olive kama mtoa habari.

Gédéon alitabasamu. Wamekosea. Na wasomi wao wote, wamekosea hesabu ya mtoto! Alimgusa Mikael bega, na nakuambia kweli, tangu kopo la kwanza lipotee hakuwahi kujisikia vizuri namna ile.

“Hapa pana kosa,” alisema. “Mmeandika watatu. Tulikuwa wanne. Mama yangu, mdogo wangu, mimi na Olive. Mtoto simhesabu.”

“Ndiyo,” Mikael alisema. “Najua mlikuwa wanne.”

“Basi rekebisheni.”

Mikael alimtazama, kisha akamtazama Olive aliyekuwa amegeukia chungu. Tabasamu lilimtoka usoni. “Nilidhani unajua,” alisema kwa sauti ya chini.

Gédéon akageukia tena ubao. Mtu wa mizigo hahitaji karatasi. Thelathini gawa kwa kumi, vitatu. Mama kikombe, Augustino kikombe, yeye kikombe. Alilikumbuka tonge lake la kila jioni, kubwa kama ngumi, halikupungua hata siku moja. Yeye na Augustino walikula pamoja, mama alikula kando, na Olive alibaki kwenye moto, kama ilivyo desturi. Nani anamtazama mpishi? Nilikula déjà mu jikoni. Jikoni gani, porini? Alikumbuka siku ya saba, Heshima akilia bila kunyamaza kwa sababu maziwa ya mama yake yalikuwa yamekauka, na yeye, Gédéon, akiwa ameshiba tonge lake, alimkaripia Olive mbele ya watu kwamba hata kunyonyesha hawezi.

Vidole vinne juu, miaka ishirini na tano mbele ya kanisa. Mzigo mmoja tu ndio uliomdanganya.

Walirudi pamoja kwa treni. Huenda unafikiri wivu ulimwisha. Wivu haukumwisha hata kidogo, ulihama tu. Mpaka jana alimwonea Mikael wivu kwa kitu ambacho hakikuwapo. Sasa alimwonea kwa kitu kilichokuwapo kweli, kikubwa, cha nyumbani kwake, ambacho mwanamume mwingine alipewa na yeye akanyimwa. Afadhali angewakuta wamekumbatiana, aliwaza, angejua la kufanya.

“Mama Heshima,” alisema walipopita Liljeholmen. “Ile maneno, juu ya nini ulimwambia yule muzungu, na mimi hukuniambia?”

“Aliniuliza.”

“Aliuliza nini?”

“Nilimwambia vikombe vitatu, watu wane. Akapiga hesabu palepale. Akaniuliza, na wewe ulikula nini?”

Gédéon aliangalia dirisha. Swali fupi hivyo. “Ungeniambia mwenyewe, hata bila kuuliza.”

“Ningekuambia lini?” Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimuumiza zaidi. “Mwaka wa kwanza ku kanisa ulisimama mbele ya watu ukasema ni Mungu. Watu wote wakapiga makofi. Ningesema nini, Papa Heshima? Nigombane na Mungu juu ya unga?”



Jioni ile Olive alipika kama kawaida, akapakua, akaweka mbele yake ugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala wachache wa kopo lililobaki. Gédéon alikaa bila kunawa. Alimwambia akae. Olive akasema alikula déjà mu jikoni. Gédéon akainuka, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya pili, akagawa ugali katikati kwa mkono wake, jambo ambalo mikono yake haikuwahi kufanya. Ugali ukamvunjikia vipandevipande. Kisha akauliza, kwa shida, swali la Mikael.

“Ulikula nini?”

 Olive akamtazama mumewe, na machoni mwake hamkuwa na machozi ya shukrani wala ya nini.

“Muulize Mikael,” alisema. “Mi siwezi kurudilia mara mbili.” Akavuta sahani kwake, akala, mpaka mwisho, bila haraka, na hakumwambia kitu kingine.

Wiki nzima Gédéon alinyanyua mizigo akimwonea wivu mtu mwenye ndevu za majivu. Alifikiria kumuuliza Augustino kwa simu, lakini Augustino alikuwa amekula kutoka sahani ileile, angejua nini? Alifikiria kutouliza kabisa, kama alivyofanya miaka yote. Jumamosi ilipofika alichukua kopo la mwisho la ndagala, akalifunga kwenye mfuko wa plastiki, akapanda treni. Ukienda kwa mtu kuomba, huendi mikono mitupu.

Alimkuta Mikael amekaa kwenye benchi uani, akichonga mwiko. Gédéon akaketi, akampa kopo, na uso wake wote uliwaka kwa aibu na kwa ule wivu. Alisema kwamba mke wake amemtuma aje amuulize yeye. Hakuwa na haja ya kueleza zaidi. Mikael aliweka mwiko chini, labda akijiuliza kama ni haki yake kusema.

“Siku za kwanza alisuuza sufuria na kunywa yale maji,” alisema. “Lakini anasema hayo yasingemfikisha. Anasema katika ule msafara alikuwapo mtu mmoja ambaye kila jioni alikata vichwa vya samaki na kuviweka pembeni, kwa kuwa havipendi. Alingoja mpaka huyo mtu alale, akaviokota vyote akavila.” Mikael aligeuza kopo mkononi. “Anasema ilikuwa bahati yake. Kama mumewe angependa vichwa, asingefika.”